Kanda ya Saa Moja, Saa Moja ya Kungoja: Video Ilivyofika Kwenye Laptopu Kariokor

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumze historia kidogo. Swali ni hili: video iliyopigwa Kariokor mwaka 2004, iwe ya harusi, ya mazishi au ya mechi ya mtaa, ilifikaje kwenye kompyuta ili ihaririwe? Ilipita kwenye waya gani? Na baada ya kuhaririwa, ile yenyewe ya asili ilibaki wapi?

Ni swali la kiufundi, najua. Lakini jibu lake ndilo litakaloamua kama wajukuu wa mtaa huu watawaona babu na bibi zao wakitembea na kuongea, au watasimuliwa tu.

Kwanza, mtaa wenyewe

Wengi wetu tunajua jina la Kariokor limetoka wapi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kambi yao ilikuwa hapa. Jina la Kizungu likaingia vinywani mwa watu likatoka Kariokor. Dar es Salaam nako, kwa kisa hicho hicho, likatoka Kariakoo. Mwaka 1929 baraza la mji lilijenga hapa nyumba za Waafrika, miongoni mwa za kwanza kabisa za baraza mjini Nairobi. Soko likaja kujulikana kwa vyondo, akala na nyama choma. Makaburi ya vita bado yapo, kando ya Racecourse Road.

Sasa, wale wapagazi wenyewe wako wapi katika kumbukumbu? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina, na pengine hawakuadhimishwa kabisa. Mtaa umebaki na jina la kikosi, bila majina ya watu.

Nimeanza na hilo ili tuelewane. Nikisema kumbukumbu zinaweza kupotea kwa sababu hakuna aliyejali kuzihamisha mahali salama, kwa Kariokor hayo si maneno ya vitabuni. Yamewahi kutokea. Haya, tuje kwenye video.

Enzi ya VHS: kila nakala hasara

Kabla ya dijitali, mpiga video alikuwa na kanda za VHS au ndugu zake. Kuhariri kulikuwa kuunganisha deki mbili: moja inacheza, ya pili inarekodi. Unataka kuondoa kipande? Unasimamisha ile ya pili, unaipeleka mbele ile ya kwanza, unaanza tena. Ukikosea katikati, unarudia tangu pale ulipokosea.

Ubaya mkubwa ni kwamba mawimbi ya analogi hupungua nguvu kila yanaponakiliwa. Nakala ya kwanza ina ukungu kidogo, nakala ya nakala ina ukungu zaidi, na ya tatu hata rangi ya gauni la bibi harusi huijui tena. Kompyuta nayo haikuweza kuisoma kanda ile moja kwa moja. Ulihitaji kadi maalumu ya kugeuza mawimbi kuwa namba, tena yenye bei ya kutisha.

1995: kanda inakuwa data

Mwaka 1995 kamera za kwanza za DV ziliingia sokoni. Maarufu kati ya hizo ilikuwa Sony DCR-VX1000. Kanda yake ndogo, MiniDV, ina utepe wenye upana wa milimita 6.35 tu. Kwa macho ni kanda kama kanda nyingine. Kwa kompyuta ni kitu tofauti kabisa, kwa sababu kilichoandikwa juu yake ni sifuri na moja.

Wapenzi wa hesabu, twende pamoja. Katika mfumo wa PAL tunaotumia Kenya, fremu moja ya DV ina nukta 720 kwa 576, na ikibanwa, pamoja na sauti yake, inachukua baiti 144,000 kamili. Kuna fremu 25 kwa sekunde. Zidisha, upate baiti milioni 3.6 kila sekunde. Kwa saa nzima ni karibu gigabaiti 13.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawakuligundua. Pamoja na picha na sauti, kamera iliandika tarehe na saa ya kurekodi ndani ya kila fremu. Kama mwenyewe aliiweka saa ya kamera sawasawa, kanda inajua kwamba kipande hiki kilipigwa Jumamosi fulani alasiri. Ishike habari hiyo, tutairudia.

Waya mwembamba wenye kazi kubwa

Kanda imekuwa data, lakini data itatokaje kwenye kamera? USB ya wakati ule, toleo la 1.1 la mwaka 1998, ilikuwa na kasi ya megabiti 12 kwa sekunde. DV inahitaji takriban 29. Haipiti. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000 ikiwa na megabiti 480, lakini kwenye kamera nyingi za kanda tundu la USB liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato na video hafifu. Watu wengi walinunua kamera, wakachomeka USB, wakashangaa mbona video haiji.

Njia ya kweli ilikuwa FireWire, ambayo Sony waliiita i.LINK na wahandisi wakaipa namba: IEEE 1394, kiwango kilichoidhinishwa mwaka huo huo wa 1995. Kasi yake ilikuwa megabiti 400 kwa sekunde, lakini kasi haikuwa siri yake. Siri ilikuwa kwamba FireWire iliweza kutenga nafasi ya kudumu kwa ajili ya video, kama barabara yenye njia ya matatu peke yake: magari mengine yajazane yatakavyo, matatu inapita. Waya huo huo pia ulibeba amri. Ukibonyeza kitufe kwenye kompyuta, kanda inarudi nyuma ndani ya kamera.

Tundu lilikuwa la aina mbili. La pini 6 lilibeba na umeme, la pini 4 halikubeba. Kamera na laptopu nyingi zisizo za Apple zilikuwa na lile dogo la pini 4. La pini 6 lilikuwa na hatari yake: kuna waliolisukuma kichwa chini miguu juu kwa nguvu, umeme ukaingia kwenye njia za data, na tundu la kamera likaungua hapo hapo. Kamera inaendelea kurekodi vizuri, ila kanda zake haziwezi kutoka tena kupitia kwayo.

Kusubiri ndiko kazi

Sasa tufike kwenye laptopu. Apple walileta iMovie mwaka 1999, Microsoft wakaleta Movie Maker ndani ya Windows ME mwaka 2000. Kulikuwa pia na Premiere, iliyokuwepo tangu 1991, na kina Pinnacle Studio na Ulead VideoStudio. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye chumba kimoja, meza moja na laptopu iliyotumika kutoka ng'ambo aliweza kufanya kazi iliyokuwa ya vituo vya televisheni.

Lakini masharti yalikuwepo, na la kwanza ni muda. FireWire ilikuwa na kasi ya kutosha mara kumi na zaidi, ila kanda yenyewe huchezwa kwa mwendo wa kawaida tu. Kanda ya saa moja huingia kwa saa moja. Harusi yenye kanda tatu ni saa tatu za kukaa unatazama, kabla hujakata hata kipande kimoja.

Sharti la pili ni kwamba hakuna kurudia. Data ya video kwenye FireWire haiombi kutumwa upya. Kama diski ya laptopu imechelewa hata kidogo, fremu imepotea na kanda imeshasonga mbele. Diski za laptopu za wakati ule, nyingi zikizunguka mara 4,200 kwa dakika, zilikuwa na nguvu ya kutosha kama tu hazikusumbuliwa. Ndiyo maana wahariri walizima programu ya kuua virusi, wakafunga kila kitu, wakamkataza mtu yeyote kugusa kipanya. Muziki wa chinichini ulikuwa marufuku.

Sharti la tatu ni nafasi. Laptopu yenye diski ya gigabaiti 40, ukitoa Windows na programu, ilibaki na nafasi ya kanda mbili. Kanda ya tatu ikija, lazima kitu kifutwe. Tena kama diski, hasa ile ya nje, ilikuwa kwenye mfumo wa FAT32, faili moja haikuweza kuzidi gigabaiti 4. Gawanya kwa baiti milioni 3.6 kwa sekunde, utapata dakika 20 kasoro sekunde chache. Padri bado yuko katikati ya mahubiri, faili imejaa. Programu nzuri zilianzisha faili mpya zenyewe. Mbaya zilisimama tu.

La nne mnalijua: stima. Nairobi ilipitia mgao wa umeme mwaka 2000, na hata baada ya hapo kupotea kwa stima hakukuwa habari ya gazeti. Hapa ndipo laptopu ilipoishinda kompyuta ya mezani. Betri yake, hata iliyochoka, iliweza kuokoa kanda iliyokuwa imefika dakika ya 50.

River Road na ile nakala ndogo

Kutoka Kariokor ukifuata Racecourse Road unafika River Road, na hapo ndipo biashara ilipokuwa. Eneo hili likazaa jina la Riverwood, filamu na vichekesho vya Kigikuyu, Kikamba na lugha nyingine, vilivyopigwa kwa siku chache, vikahaririwa kwenye kompyuta za kawaida na kuuzwa kwa bei ya mwananchi. Mpiga video wa harusi na mtengenezaji wa filamu walitumia vifaa vile vile: kamera ya MiniDV, waya wa FireWire, kompyuta, na mashine ya kuchoma diski.

Diski iliyouzwa kwa muda mrefu ilikuwa VCD. Na hapa, ndugu zangu, ndipo kuna jambo ninalotaka mlibebe. VCD ya PAL ina nukta 352 kwa 288. Linganisha na 720 kwa 576 za kanda: ni robo tu ya picha. Ukienda kwenye biti ni mbaya zaidi. Kanda hutumia megabiti 25 kwa sekunde kwa picha, VCD hutumia 1.15. Yaani kwa kila biti 20 na ushee zilizopigwa kanisani, moja tu ndiyo iliyofika sebuleni kwa mwenye harusi. Na zile tarehe zilizoandikwa katika kila fremu? VCD haikuzibeba.

Hebu fikiria sasa kilichotokea baada ya kazi kukabidhiwa. Mteja anachukua VCD yake, anafurahi, analipa. Mhariri ana laptopu iliyojaa na harusi nyingine Jumamosi. Anafuta faili zote za asili. Kanda je? Kanda ina gharama, na inaweza kurekodiwa tena. Bahati ikiwa mbaya, harusi ya pili inaandikwa juu ya harusi ya kwanza. Bahati ikiwa njema, kanda inatupwa ndani ya katoni chini ya kitanda, na iko huko mpaka leo.

Sisemi walikosea. Kwa bei za diski za wakati ule, hata mimi ningefuta. Nasema tu kwamba uamuzi wa nini kibaki katika historia ya mtaa ulifanywa na ukubwa wa diski.

Si harusi tu

Mtu anaweza kusema, harusi ya jirani si historia. Nakataa. Nyuma ya bibi harusi anayetoka kwenye mlango wa nyumba ya baraza kuna ule mlango wenyewe, kuna foleni ya bomba la maji, kuna watoto wanaochungulia kamera. Nyumba za zamani za kaunti zimeanza kubomolewa kupisha maghorofa, na jirani zetu wa Pangani wameliona hilo kwa macho yao. Siku ukitaka kujua ua ulikuwaje, nani aliuza nini kwenye kona ile, watu walizungumza Kiswahili cha namna gani mwaka 2003, utakwenda wapi? Magazeti hayakuandika. Mpiga video alirekodi bila kukusudia.

Yako pia mambo mazito zaidi. Mathare, si mbali na hapa, kikundi cha Slum-TV kilichoanza muongo ule kilifundisha vijana kushika kamera, kuhariri, na kuonyesha kazi zao hadharani mtaani. Na tarehe 30 Desemba 2007, ghasia za uchaguzi zilipoanza, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kama huwezi kutangaza papo hapo, kilichorekodiwa ndicho kinachobaki kuwa shahidi, na shahidi huyo ni kanda inayopaswa kufika kwenye kompyuta kwanza.

Kadi zilipokuja

Enzi ya kanda haikudumu. Mwaka 2004 JVC walitoa kamera za Everio zilizorekodi kwenye diski badala ya kanda. Mwaka 2006 Sony na Panasonic wakatangaza AVCHD, na video ikahamia kwenye kadi za kumbukumbu. Mwaka 2008 Canon wakatoa 5D Mark II, na ghafla kamera ya picha ikawa kamera ya video. Baada ya hapo simu ikameza vyote.

Kuhamisha kukawa kunakili faili. Saa moja ya video inaingia kwa dakika chache, kama nyimbo. Hakuna fremu inayopotea, kwa sababu kompyuta inaweza kuomba tena pale iliposhindwa. Ni raha, siwezi kubisha.

Ila kuna kitu kilichopotea kimyakimya. Kanda, hata ukishaihamisha, ilibaki. Ilikuwa nakala ya akiba bila mtu kupanga. Kadi hufutwa jioni hiyo hiyo ili itumike kesho. Kwa hiyo video ya mwaka 2012 inaweza kuwa imepotea zaidi kuliko ya mwaka 2004. Diski ya laptopu ikifa, basi.

Mlango unafungwa

Sasa habari ya haraka. Apple walitoa laptopu zisizo na FireWire tangu 2008, na mwaka 2025 macOS 26 ikaacha kabisa kuitambua. Hata ukiwa na adapta, Mac mpya yenye mfumo huo haitaiona kamera yako. Kamera zenyewe zinazeeka, vichwa vinachakaa, mikanda ya ndani inalegea, na utepe haupendi unyevu wala vumbi. Lakini kanda nyingi bado zinasomeka, na kwa kuwa ni data, nakala utakayotoa leo inaweza kuwa sawa kabisa na siku ile ya 2004. Si pungufu hata kwa biti moja, pale utepe unaposomeka bila hitilafu.

Unachohitaji ni hiki: kamera ya MiniDV inayofanya kazi, ikiwezekana ile ile iliyorekodi, hasa kama kanda ilirekodiwa kwa mwendo wa LP wa kuingiza dakika 90, kompyuta ya zamani yenye tundu la FireWire, au ya mezani yenye kadi yake, na Linux, ambayo bado inaifahamu FireWire. Kisha amri hii:

dvgrab -f raw -a -t -s 0 --rewind kanda01-

Programu hii itarudisha kanda mwanzo, itaichukua data jinsi ilivyo, itakata faili pale kamera iliposimamishwa, na itaandika kwenye jina la kila faili ile tarehe niliyowaambia mkumbuke. Kanda ikisumbua na picha kujaa vijisanduku, msafishe kichwa cha kamera, kisha mjaribu DVRescue, ambayo inaweza kulinganisha majaribio mawili ya kanda moja na kuchukua fremu nzima kutoka kila upande. Mkimaliza, tumieni sha256sum kuhakikisha nakala ya kwanza na ya pili ni sawa. Na wekeni hizo nakala nyumba mbili tofauti.

Tatizo lililomshinda mhariri wa 2004 halipo tena. Diski ya terabaiti moja inabeba karibu saa 77 za DV bila kubana chochote. Katoni nzima ya chini ya kitanda inaingia na nafasi inabaki. Kilichobaki kigumu ni kile kile cha zamani: kanda ya saa moja itataka saa moja, na mtu wa kukaa nayo.

Kwa hiyo muulizeni mjomba aliyekuwa akipiga video za mtaa. Muulizeni shangazi kama ile kanda ya mazishi ya babu bado iko. Msikubali kupewa VCD tu na kuridhika, ulizeni kanda. Na mkikaa kungoja ile saa nzima, mkaeni na wazee. Watawaambia majina ya watu wanaopita nyuma ya bibi harusi. Yaandikeni, kwa sababu hayo hata kamera haikuyarekodi.

Kazi njema.